Nilichojifunza Kuhusu Fedha Nikiwa Mgeni Istanbul

Mtanzania anayekwenda Istanbul kutembea hubadilisha fedha yake mara mbili kabla hajanunua hata chupa ya maji. Shilingi inakuwa dola hapa nyumbani, dola inakuwa lira kule, na katika kila hatua yupo mtu anayepanga bei na kubakiza chake. Nilipokwenda huko mwezi Julai mwaka 2024 pamoja na kaka yangu na wifi yangu, mimi ndiye niliyekabidhiwa daftari la matumizi ya sisi watatu, na kazi hiyo ilinilazimisha kufuatilia kila mahali ambapo fedha yetu iligeuzwa kutoka sarafu moja kwenda nyingine. Wasafiri wengi huogopa wezi wa mifukoni, na ni haki yao kuogopa, lakini hasara kubwa niliyoishuhudia ilitokana na asilimia chache zilizokatwa kihalali, mbele ya macho ya mwenye fedha, kwa idhini aliyoitoa bila kujua anaidhinisha nini.

Nianze na dola zenyewe, kwa sababu mwaka ule zilikuwa adimu Tanzania. Bei ilikuwa imevuka shilingi 2,600 kwa dola moja, na benki zilimtaka mteja aonyeshe pasipoti na tiketi, kisha zikamuuzia kiasi pungufu ya alichoomba. Sisi tulizikusanya kidogo kidogo kwa muda mrefu kabla ya safari, nyingine tukaziacha katika akaunti ya dola ya kaka iliyounganishwa na kadi, na nyingine tukazichukua taslimu. Anayejipanga wiki ya mwisho hana nguvu ya kuchagua. Atanunua kwa bei yoyote atakayopewa, na hasara yake inaanzia Dar es Salaam kabla ndege haijaruka.

Jambo la pili ni hali ya noti. Maduka ya kubadilishia fedha, ya kwetu na ya ugenini, huzikataa noti za dola zilizochakaa, zilizochanika pembeni, zilizogongwa mhuri au kuandikwa kwa kalamu, na yale yanayozipokea huzipunguzia bei. Noti inayopokelewa bila maneno ni ile ya dola 100 ya toleo lililoanza kutumika Oktoba 2013, yenye utepe wa buluu uliofumwa wima katikati yake. Dirishani benki nilizihesabu mbele ya karani, nikazirudisha mbili: moja ilikuwa na alama ya wino na nyingine ilikuwa na mkunjo uliokwisha kuwa ufa.

"Lakini dada, hizi ni halali," karani aliniambia.

"Najua ni halali, ndugu yangu, lakini huko ninakokwenda wewe hutakuwepo kuwaeleza."

Akazibadilisha. Nashauri kila msafiri afanye hivyo hapohapo dirishani, kwa heshima na bila haraka, kwa kuwa ukishaondoka, noti ile ni mzigo wako peke yako. Kwa wale wanaobeba fedha nyingi, wakumbuke pia kwamba anayetoka nchini na dola 10,000 au zaidi taslimu anatakiwa kuzitolea taarifa forodhani.

Uwanja wa ndege wa Istanbul ulitupokea na madirisha ya kubadilishia fedha yanayong'aa, na hapo ndipo nilipojifunza kusoma ubao wao. Ubao una safu mbili. Safu ya kwanza, *alış*, ni bei ambayo duka linanunua dola yako. Ya pili, *satış*, ni bei ambayo duka litakuuzia dola hiyohiyo ukitaka kuirudisha. Siku hizo bei ya soko ilikuwa takriban lira 33 kwa dola, ila dirisha la uwanjani lilikuwa likinunua kwa lira 29. Kwa dola 100 hizo ni lira 400 zinazobaki kwao, fedha inayotosha mlo wa mchana wa mtu mmoja katika mgahawa wa kawaida. Hatukubadilisha kitu pale. Basi la kwenda mjini lilipokea kadi, na kwa mahitaji ya jioni ile kaka alitoa lira kidogo kwenye ATM ya benki. Nitaieleza ATM kwa urefu baadaye, maana ndiko kwenye mtego mkubwa zaidi.

Hoteli yetu ilikuwa Laleli, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wanaufahamu vizuri kwa sababu ndiko wanakonunua nguo za jumla. Kiswahili nilikisikia pale siku ya kwanza tu, kwenye meza ya kifungua kinywa. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye duka la magauni Kariakoo, na nilipomsalimia shikamoo akanivutia kiti. Nikamuuliza yeye hubadilisha wapi dola zake, nikitarajia kutajiwa jina la duka.

"Duka la leo kesho linaweza kukugeuka, mwanangu," alinijibu. "Usiangalie bei yao ya kununua peke yake. Angalia zote mbili. Zikikaribiana, ingia. Zikiachana sana, pita, hata kama wanakuitia chai."

Sijapata ushauri bora wa fedha za kigeni kuliko huo. Pengo kati ya bei mbili ndilo faida ya duka, nalo halifichiki, ilhali maneno "hatutozi kamisheni" yaliyobandikwa kwenye vioo vingi hayamaanishi lolote, kwa kuwa kamisheni imekwisha kuingizwa ndani ya bei. Kwa kipimo hicho tulizunguka. Maduka yaliyo karibu na vivutio vya Sultanahmet yalikuwa na pengo la lira mbili au tatu kwa dola, wakati yale ya soko kuu la Kapalıçarşı na mitaa inayolizunguka, ambako Waturuki wenyewe hununua na kuuza dola na dhahabu, pengo lilikuwa la kuruş chache, yaani senti za lira. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kati ya sehemu hizo mbili. Soko lile hufungwa Jumapili, na mwishoni mwa wiki maduka mengine hupanua pengo lao kwa kuwa soko la benki limelala na hawajui Jumatatu itaamka na bei gani. Kwa hiyo tuliifanya Ijumaa asubuhi kuwa siku yetu ya kubadilisha fedha za mwisho wa wiki.

Lakini hata kwenye bei nzuri hatukubadilisha nyingi kwa mkupuo, na sababu yake ni historia ya lira yenyewe. Fedha hiyo ilikwisha kufutiwa sifuri 6 tarehe 1 Januari 2005, lira milioni moja za zamani zikawa lira moja mpya. Ikatulia kwa miaka kadhaa, kisha ikaanza kuteremka tena. Mwaka 2021 ilianza ikiwa chini ya lira 8 kwa dola, na Desemba ya mwaka huohuo ikagusa 18. Noti kubwa kuliko zote ni ya lira 200, iliyoanza kutumika mwaka 2009 ilipokuwa na thamani ya zaidi ya dola 100. Wakati wa safari yetu ilikuwa na thamani ya dola 6 hivi. Ndiyo maana mtu anayebadilisha dola 300 anatoka dukani na bunda linalovimbisha mfuko, na ndiyo maana hoteli nyingi na waongozaji watalii hutaja bei kwa euro au dola. Mgeni anayeshika lira nyingi kwa muda mrefu anakuwa amejitwisha tatizo la wenyeji ambalo wao wenyewe wanalikimbia kila wanapopata nafasi.

Sasa niseme juu ya ATM. Jioni moja karibu na kituo cha tramu, wifi alitaka kutoa lira 6,000. Mashine ilisoma kadi, ikauliza lugha, ikapokea namba ya siri na kiasi, kisha badala ya kutoa fedha ikaonyesha ukurasa mwingine. Ukurasa huo ulisema, kwa lugha ya upole sana, kwamba akaunti yake ingekatwa dola 200 kamili, bei ikiwa imehakikishwa, na chini yake kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali na kingine kidogo cha kijivu cha kukataa. Nilimwomba asubiri. Kwa lira 33 kwa dola, lira 6,000 ni dola 182 hivi. Mashine ilikuwa inamtaka alipe dola 18 za ziada, yaani karibu asilimia 10, kwa huduma ya kumfanyia hesabu ambayo benki yake ingemfanyia hata asipoomba.

"Nikikataa si itanifungia muamala?" aliniuliza, kidole kikiwa hewani.

"Kataa, wifi. Kinachokataliwa ni bei yao tu."

Akabonyeza kile cha kijivu, na fedha zikatoka. Hofu yake ndiyo hasa inayotegemewa na wenye mashine hizo. Ukurasa umepangwa ili kukataa kuonekane kama kuvunja muamala mzima, hasa kwa mtu aliyesimama usiku kwenye mtaa asioujua huku watu wakimsubiri nyuma. Ukweli ni kwamba ukikubali, bei inapangwa na mwenye mashine. Ukikataa, muamala unakwenda kwa lira, bei inapangwa na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, kisha benki yako inaongeza asilimia yake na ada yake kama ilivyo kwenye mkataba wenu. Asilimia hiyo ya benki inauma pia, lakini katika taarifa zetu zote haikukaribia ile ya mashine. Mashine zinazosukuma zaidi bei zao ni zile zinazosimama peke yake kwenye maduka na mitaa ya watalii, zisizo za benki yoyote inayojulikana. Tangu siku hiyo tulitumia zile zilizo ukutani mwa tawi la benki, tena saa za kazi, ili kadi ikimezwa pawepo mtu wa kumgongea mlango.

Mtego huohuo upo kwenye mashine za kulipia madukani na migahawani, na huko ni mgumu zaidi kuuona kwa sababu mara nyingi mhudumu huwa ameshika mashine mwenyewe. Tulipokuwa tukilipia chakula karibu na daraja la Galata, kijana aliyetuhudumia alibonyeza kitufe cha dola kabla hajatugeuzia kioo, na bila shaka alidhani anaturahisishia. Nilimwomba kwa adabu aufute muamala na kuanza upya kwa lira, naye alifanya hivyo bila kinyongo. Tukajifunza kusema neno "lira" mapema, kabla kadi haijaingizwa, na kusoma kioo kabla ya kuweka namba ya siri. Vivyo hivyo sokoni: muuzaji wa mazulia atakutajia bei kwa dola kwa sababu amekutambua kuwa mgeni, nawe muulize ni lira ngapi, kisha piga hesabu kwa bei uliyoiona dukani asubuhi. Hata Hagia Sophia, ule msikiti maarufu wa kale, ambayo tangu Januari 2024 hutoza watalii euro 25, kadi yetu ilikatwa kwa lira, na nililinganisha kiasi kile na bei ya euro ya siku hiyo kabla ya kuweka risiti kwenye daftari.

Suala la fedha kuzuiliwa hotelini linahitaji maelezo, kwa sababu linawachanganya sana Watanzania ambao kadi zetu nyingi ni za kutoa fedha iliyomo kwenye akaunti, wala si za mkopo. Tulipohamia Kapadokya, eneo la watalii katikati ya Uturuki, mapokezi ya hoteli walichukua kadi ya kaka na kusema ni kwa ajili ya dhamana. Hawakukata fedha, walizuia kiasi fulani ili kujilinda iwapo mgeni ataharibu kitu. Kwa mwenye kadi ya mkopo, kinachozuiliwa ni sehemu ya mkopo ambao bado hajautumia. Kwa sisi, kinachozuiliwa ni fedha yetu halisi: salio linaonekana lipo, ila huwezi kuligusa, na hoteli ikishaachia, benki zinaweza kuchukua siku nyingi kabla ya kulifungua. Kaka aliuliza swali moja ambalo sasa nauliza kila mahali: je, dhamana hii naweza kuilipa taslimu na kurudishiwa taslimu nikiondoka? Wakakubali, wakatuandikia risiti, na kadi ikabaki huru kwa mambo mengine. Hoteli ikikataa, basi ipewe kadi ambayo hutegemei kulia chakula nayo.

Hapo ndipo faida ya kuwa na kadi zaidi ya moja inapoonekana. Tulikuwa na kadi za benki mbili tofauti, na hatukuzibeba katika mkoba mmoja hata siku moja. Akaunti iliyounganishwa na kadi ya kutembea nayo tuliiwekea kiasi cha matumizi ya siku chache tu, na kila usiku, kwa intaneti ya hoteli, nilihamisha kiasi kingine kutoka akaunti kubwa kupitia programu ya benki. Kadi hiyo ingeibiwa, mwizi angekuta fedha ya mboga.

Mpango huo ulitegemea simu, na simu ina masharti yake. Kwetu simu ndiyo pochi. Tunalipa nauli, umeme na sadaka kwa simu, na ni rahisi kusahau kwamba muuza chai wa Istanbul hana habari na M-Pesa wala Airtel Money. Hata hivyo laini ya nyumbani inabaki kuwa ufunguo wa benki, kwa kuwa ununuzi mwingi wa mtandaoni hauidhinishwi mpaka uweke namba inayotumwa kwa meseji. Msafiri mwenzetu mmoja, Mtanzania tuliyekutana naye hotelini, alikuwa ametoa laini yake ya nyumbani kwenye simu ili aweke ya Uturuki, na alipotaka kununua tiketi ya ndege ya kwenda mji wa Kayseri, namba ile ilitumwa kwenye laini iliyokuwa ndani ya begi. Alipoirudisha, haikushika mtandao, kwa kuwa huduma ya kutumia laini nje ya nchi haikuwa imewashwa na benki yake haikuwa na njia nyingine ya kumtumia. Tiketi tulimnunulia sisi, akatulipa dola mkononi. Nenda dukani kwa mtandao wako kabla ya safari, uwashe huduma hiyo, na uulize gharama ya kupokea meseji. Uitaarifu pia benki nchi unazokwenda na tarehe zake, maana benki nyingine hufunga kadi zikiona muamala wa ghafla kutoka mbali.

Taslimu ina hatari zake pia, na za Istanbul nyingi ziko kwenye teksi. Noti ya lira 200 ina rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na ya lira 5 ina zambarau pia; zamani ya 5 ilikuwa ya kahawia, lakini mwaka 2013 benki kuu ya Uturuki iliibadilisha rangi kwa sababu watu waliichanganya na ya 50. Usiku, kwenye kiti cha nyuma, zote zinafanana, na wapo madereva wanaopokea noti kubwa, wakashusha mkono, kisha wakakuonyesha ndogo na kudai umekosea. Dawa yake ni kuwasha taa ya ndani, kuinyoosha noti wazi na kuitaja kwa sauti, "iki yüz", yaani mia mbili kwa Kituruki, kabla hujaiachia. Kwenye ya 200, upande wa nyuma, yuko mshairi Yunus Emre. Ukimwona huyo, unajua umeshika kubwa. Kwa safari nyingi, hata hivyo, hatukuhitaji teksi. Kadi ya usafiri iitwayo Istanbulkart, inayojazwa kwenye mashine vituoni, ilitupeleka kwa tramu, metro na vivuko hadi upande wa Asia, na kadi moja ilitutosha wote watatu kwa kuigusisha mmoja baada ya mwingine.

Lira zilizobaki usirudi nazo. Maduka ya Dar es Salaam hayana haja nazo, na uwanja wa ndege wa Istanbul utakuuzia dola kwa ile safu ya pili ya ubao, ambayo ni ghali kama nilivyoeleza. Siku mbili za mwisho tulianza kulipia hoteli na chakula kwa noti zilizobaki, tukiongezea kadi pale tu zilipopelea.

Kazi ya mwisho ya daftari langu niliifanya nyumbani, taarifa za akaunti zilipotoka. Muamala wa kadi haukamiliki siku unayolipa. Mara nyingi huingia rasmi siku mbili tatu baadaye, kwa bei ya siku hiyo, kwa hiyo kiasi hakitalingana hadi senti na meseji uliyoipata dukani. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ninachotafuta ni muamala uliojirudia, muamala uliofutwa ambao bado umekatwa, na dhamana ambayo haijaachiwa. Tulikuta mmoja: ule wa mgahawa wa Galata uliofutwa na kuanzwa upya ulikuwa umeingia mara mbili, kwa dola na kwa lira. Kaka alipeleka benki risiti ya kufuta pamoja na ile ya malipo ya lira, akajaza fomu ya pingamizi, na fedha ikarudishwa baada ya wiki kadhaa. Bila kile kikaratasi cha kufuta, ambacho yule kijana alitaka kukitupa nami nikamwomba anipe, pingamizi lile lisingekuwa na ushahidi.